Ada imelipwa, utafiti haukulipiwa

Kila mwaka ikifika Agosti, simu za vijana wa Unguja na Pemba huanza kujaa matangazo. Chevening, udhamini wa masomo wa serikali ya Uingereza, umefunguliwa na utafungwa Oktoba. Baada ya hapo zinakuja Erasmus Mundus za Umoja wa Ulaya, za DAAD ya Ujerumani, za Jumuiya ya Madola. Mjomba anamtumia mpwawe, mwalimu anaweka kwenye grupu la wanafunzi wake wa zamani, na chini yake yanafuata maneno mafupi: "Haya vijana, fursa hizo." Matokeo yakitoka, barazani tunasema lile lile la mwaka uliopita, kwamba Wazanzibari hawaombi, wamelala, wanasubiri kushikwa mkono. Tangu 2025 imeongezeka kauli ya pili. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa Julai mwaka huo, na kabla yake, Februari, Uingereza ilitangaza kwamba itapunguza misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Basi sasa tunaambiwa kwamba enzi ya udhamini imekwisha na kijana atafute jambo jingine la kufanya.

Kauli zote mbili, naona, zinapita kando ya tatizo. Mwanafunzi wetu wa uzamili hakwami pale tunapodhani amekwama. Anakwama baadaye, akiwa ameshalipa ada na kumaliza masomo ya darasani, siku anayotakiwa kutoka kwenda kukusanya data. Hapo ndipo fedha inapokatika, na pamoja na fedha hukatika mawasiliano na msimamizi wake, hamu ya kazi, na mwisho muda wa usajili. Kwa kuwa hamalizi, hana makala iliyochapishwa, hajawahi kusimama kwenye kongamano hata moja, na hana profesa anayeijua kazi yake kiasi cha kumwandikia barua yenye uzito. Udhamini wa uzamivu wa ng'ambo anaukosa kwa sababu ya kiasi kidogo cha fedha alichokikosa hapa nyumbani miaka mitatu nyuma. Kama hilo ni kweli, na nadhani ni kweli, basi kupungua kwa misaada ya nje hakutuondolei kazi ya kufanya. Kunatuonesha kazi iliyokuwa yetu tangu mwanzo.

Tuanze na tulipotoka. Vyuo vikuu vya Zanzibar bado ni vichanga. Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu kilianza 1998, mwaka ule ule kilipoanza chuo cha elimu cha Chukwani ambacho leo tunakiita Sumait. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kiliundwa kwa sheria ya 1999 na kikaanza kufundisha 2001. Kwa miaka mingi kazi yao kubwa ilikuwa shahada ya kwanza: kupata walimu wa skuli, wauguzi, wahasibu, maofisa wa serikali. Hata utaratibu wa kuwalipia wanafunzi ulijengwa kwa sura hiyo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar iliundwa 2011, na upande wa Muungano kuna ile bodi nyingine iliyoanza kazi 2005. Kila mzazi anajua maana ya mkopo: ada inakwenda chuoni, na mwanafunzi anapata fedha ya kula na kulala, lile bumu linalosubiriwa kwa hamu. Kwa shahada ya kwanza mpango huo unatosha, kwa sababu shahada ya kwanza huishia darasani kwa sehemu kubwa. Mwanafunzi akilipiwa kiti na sahani ya wali, masomo yanakwenda.

Uzamili si hivyo. Nusu ya kwanza inafanana na shahada ya kwanza, lakini nusu ya pili ni kazi ya mtu mmoja nje ya chuo, yenye gharama zake. Tumeirithi fikra kwamba kumlipia mtu masomo ni kumlipia ada. Mwajiri anayempa ruhusa mtumishi wake anauliza, "Ada ni shilingi ngapi?" Ndugu wanaochanga wanauliza hivyo hivyo. Mwanafunzi naye, ambaye hajawahi kufanya utafiti, hajui kwamba anatakiwa kuuliza zaidi. Katika watu wa uzamili niliokaa nao kwa miaka hii, wakinionesha sura zao za kwanza na maombi yao, karibu wote walikuwa na mtu wa kuwalipia ada. Waliokuwa na mtu wa kuwalipia utafiti nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Nitatoa mfano mmoja, kwa sababu jambo hili haliingii akilini mpaka lionekane. Kuna mwanafunzi wa Kiswahili, mama wa watoto wawili, anayesomesha skuli ya sekondari mkoa wa Mjini Magharibi. Utafiti wake unahusu msamiati wa uvuvi na wa maji katika Kitumbatu, lahaja ya kisiwa cha Tumbatu, maneno ambayo wazee wanayo na wajukuu wao hawanayo tena. Anatakiwa kuzungumza na wazee ishirini wa Jongowe na Gomani. Kutoka mjini anapanda gari ya shamba hadi Mkokotoni, kisha mashua, na mashua haiendi kwa saa ya mtu, inakwenda kwa maji. Akifika na bahari imekupwa, anatembea kwenye matope na mawe huku kibuyu cha data, yaani simu yake, amekifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Hawezi kwenda na kurudi siku moja akapata mazungumzo ya maana, kwa hiyo analala siku mbili au tatu, na huko analala kwa watu. Huendi kulala kwa watu mikono mitupu. Sukari, majani ya chai, kanga ya bibi mwenye nyumba. Mzee wa miaka themanini hafunguki siku ya kwanza. Siku ya kwanza anakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Siku ya pili anakupa maneno matatu. Ya tatu, alipokuwa akimsikiliza babu mmoja akitaja majina ya pepo na mikondo kati ya kisiwa na Nungwi, simu ilijaa ikaacha kurekodi, na hakujua mpaka alipofika nyumbani.

Kifaa cha kurekodi cha kawaida tu kingemwondolea msiba huo. Ukijumlisha nauli, malazi, zawadi, kifaa na mtu wa kumsaidia kunukuu mazungumzo, unapata fedha ambayo mwalimu wa sekondari mwenye watoto wawili hawezi kuitoa kwenye mshahara kwa mkupuo, lakini ambayo taasisi yoyote inaweza kuitoa bila kuhisi pengo. Hadi leo ana mahojiano kumi na mawili. Alianza masomo pamoja na wenzake wa fani zisizohitaji kutoka nje, nao wamekwisha kuvaa joho.

Sasa niwageukie wanaosema vijana wamelala. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa. Inachukulia kwamba udhamini ni embe lililoiva chini ya mti, anayeinama ndiye anayelipata. Tuangalie masharti yenyewe. Chevening inataka saa 2,800 za kazi baada ya shahada ya kwanza, ambazo ni kama miaka miwili. Kozi za DAAD zinazohusu maendeleo, zile zinazojulikana kwa kifupi chake EPOS, zinataka uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili, na wakati huo huo zinataka shahada yako ya mwisho isiwe na zaidi ya miaka sita tangu uipate. Soma masharti hayo mawili kwa pamoja. Miaka miwili ya mwanzo huruhusiwi kwa sababu hujafanya kazi. Baada ya mwaka wa sita huruhusiwi kwa sababu umechelewa. Kinachobaki ni dirisha la miaka minne. Kijana wa Wete au Micheweni anayemaliza chuo akiwa na miaka 25, akakaa miaka minne bila ajira ya mkataba, akapata kazi mwaka wa tano, anaanza kuhesabiwa uzoefu wakati dirisha linafungwa. Siku atakapokuwa na sifa zote, muda umemtupa. Huyo hakulala. Kalenda yake na kalenda ya wafadhili hazikukutana, na hapakuwa na mtu aliyemwonesha mapema kwamba kuna kalenda.

Na kuna jambo jingine linaloniuma kila ninapolikuta. Chevening inahesabu pia kazi ya kujitolea na mafunzo ya vitendo, ya kulipwa na isiyo ya kulipwa. Visiwa hivi vimejaa vijana wanaojitolea: wanasomesha hesabu na sayansi kwenye skuli zisizo na walimu wa kutosha, wako kwenye vituo vya afya, wako kwenye jumuiya za mazingira za vijiji. Wanafanya hivyo mwaka, miaka miwili, wakisubiri ajira. Nikiwauliza kwa nini hawakuomba, wananijibu, "Mwalimu, mimi sina kazi." Saa zao zipo, lakini hazikuandikwa mahali. Mkuu wa skuli hakuwahi kumpa barua inayosema kijana huyu alisomesha vipindi kadhaa kwa wiki kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, kwa sababu kijana hakujua kuiomba na mkuu hakujua kama ina thamani. Karatasi moja yenye mhuri. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutotumia sifa ambayo hakuna aliyemwambia kwamba anayo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi na inastahili heshima. Inasema hivi: Zanzibar ni ndogo, sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773, wengi wao ni vijana na watoto, na kila mwaka wanaotoka kidato cha sita na vyuo vya stashahada wanaongezeka. Fedha ni moja. Ukimpa mtu wa uzamili, ambaye tayari ana shahada na pengine ana mshahara, umemnyima mtoto wa mkulima wa karafuu anayetaka shahada ya kwanza. Ningekuwa mimi ndiye ninayekaa na hesabu hizo, ningeogopa pia. Wala siamini kwamba mikopo ya shahada ya kwanza ipunguzwe hata shilingi.

Lakini hoja hiyo ina nguvu tu kama tunazungumzia kulipa shahada nzima ya pili. Mimi nazungumzia mwisho wake. Mtu ameshalipiwa ada ya miaka miwili, iwe na serikali, mwajiri au ukoo wake. Akikwama kwenye data, fedha yote ile imekwenda na shahada haipo. Kama ulikuwa mkopo, deni linabaki na kipato hakikupanda. Kwa kuokoa fedha ndogo ya mwisho tumepoteza kubwa ya mwanzo. Anayejenga nyumba akafika lenta kisha akaacha kwa kukosa bati, mvua mbili tatu zikipita kuta zinaanza kuliwa, hawezi kusema kwamba ameweka akiba.

Wapo pia wanaosema fedha ndogo ndogo zinapotea, zinaleta karatasi nyingi kuliko faida, na kusimamia ruzuku hamsini ndogo ni kazi kuliko moja kubwa. Hilo ni kweli kwa kiasi fulani. Ila hapa hapa Unguja tuna mfano unaoonesha kwamba inawezekana. Jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, WIOMSA, iliyoanzishwa 1993, ina makao yake makuu Zanzibar. Kwa miaka mingi imekuwa na ruzuku zinazoitwa MARG, kwa ajili ya utafiti mdogo wa wanasayansi wanaochipukia wa ukanda huu, kwa kutembelea maabara ya wenzao, na kwa kwenda kuwasilisha kazi kwenye makongamano. Na kila miaka miwili ina kongamano lake ambapo mwanafunzi wa uzamili anasimama mbele ya watu waliokwisha kubobea, anaulizwa maswali magumu, na anaondoka akiwa anajulikana jina. Tazama vijana wetu wa sayansi za bahari, wa ile taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo hapa tangu 1978, wanavyojiamini kuandika na kuomba. Wamekulia katika mazingira ambayo fedha ndogo ipo, inatangazwa kwa wakati, ina masharti yanayoeleweka, na inadai ripoti.

Mwanafunzi wa Kiswahili, wa historia, wa elimu, wa uchumi, hana kitu cha aina hiyo karibu naye. Kwa wa sayansi za jamii kuna CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika lililopo Dakar, ambalo kwa miaka mingi limetoa ruzuku ndogo za kuandikia tasnifu, na kwa wachumi kuna AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi Afrika iliyopo Nairobi. Ni milango iliyopo hapa hapa Afrika. Ni wangapi Tunguu au Chukwani wameambiwa habari zake katika semina ya kwanza ya uzamili? Tunawatumia vijana tangazo la udhamini wa Ulaya wenye euro 1,400 kwa mwezi, ambao maelfu duniani wanaugombea, na hatuwatumii tangazo la ruzuku ndogo ambayo ndiyo ingewafanya wawe na kitu cha kusema katika ule udhamini mkubwa.

Hapa naingia kwenye upande wa pili wa jambo hili, ambao hauhitaji fedha nyingi lakini unahitaji watu. Kuandika pendekezo la utafiti, kufupisha tasnifu ya kurasa mia iwe makala ya jarida, kuandika ikisiri, yaani muhtasari, ya maneno mia tatu, kumwandikia barua pepe profesa usiyemjua ukamweleza kazi yako kwa aya mbili: haya ni mambo ya kufundishwa. Hakuna anayezaliwa nayo. Kwa sasa anayeyajua ni yule aliyebahatika kupata msimamizi mkarimu. Nakumbuka ikisiri yangu ya kwanza. Niliipeleka katika ofisi moja kuomba isomwe, ikakaa wiki saba, na nilipoifuata nikaikuta chini ya trei ya chai, kongamano limeshapita. Simlaumu sana aliyekuwa na ofisi ile. Alikuwa na madarasa manne na mitihani ya kusahihisha, na kusoma ikisiri ya mwanafunzi hakukuwa sehemu ya kazi yake kwa hesabu za mtu yeyote. Muda aliotumia mhadhiri kumwandaa mwanafunzi kuomba ruzuku hauandikwi popote, na usipoandikwa unatolewa na wachache wenye moyo mpaka nao wachoke.

SUZA iliwahi kuonja namna nyingine ya kufanya mambo. Ilikuwa miongoni mwa vyuo vya Afrika vilivyoshirikiana na vyuo vya Denmark katika programu ya Building Stronger Universities, ambayo ilijengwa juu ya wazo kwamba chuo huimarika kwa kukuza watafiti na wasimamizi wake mwenyewe. Programu za namna hiyo zina mwisho wake, na hapo ndipo penye swali kwetu. Je, utaratibu unabaki baada ya fedha kuondoka? Wenye shahada za uzamivu waliopatikana wanapewa saa za kuwalea wanaofuata, au wanarudishwa kwenye kusomesha darasa la watu mia mbili?

Kwa Pemba ongeza juu ya yote haya bahari. Kampasi ya Benjamin Mkapa ya SUZA iko Wete, na maabara ya afya ya Ivo de Carneri iko Wawi, Chake Chake, tangu 2000, ikifanya utafiti unaosomwa dunia nzima. Elimu ipo kisiwani. Lakini mwanafunzi wa uzamili anayeishi Mkoani au Konde mara nyingi humfuata msimamizi Unguja kwa boti, analala kwa jamaa, anaambiwa mwalimu amesafiri, anarudi. Safari mbili za namna hiyo zinakula fedha ya kukusanyia data. Kikao cha usimamizi kwa njia ya mtandao, kinachotambuliwa na kuandikwa kama kikao halali, kingemsaidia huyu kuliko hotuba yoyote ya kuhamasisha fursa.

Kuna wanaohofia kwamba tukiwaandaa vizuri tutawaandaa waondoke. Chevening na Jumuiya ya Madola zinawataka wanufaika warudi nchini mwao, na Chevening inataja angalau miaka miwili, kwa hiyo hofu hiyo si kubwa kama inavyoelezwa. Ninachohofia zaidi ni wale wasioondoka na wasiomaliza. Tumetangaza Uchumi wa Buluu, yaani uchumi wa bahari, tuna wizara yake na sera yake ya 2020. Tuna wanawake wa mwani wa Paje na Jambiani wanaotaka kujua kwa nini mwani mnene unakufa bahari inapopata joto, na watafiti wa hapa, akiwamo Dkt. Flower Msuya, wamelifanyia kazi swali hilo kwa miaka mingi. Tangu 2023 tuna kampasi ya IIT Madras, taasisi ya teknolojia ya India, huko Bweleo, ya kwanza ya taasisi hizo nje ya India. Maswali ni mengi kuliko watu wa kuyajibu. Na watu wenyewe tunao, wamesajiliwa, wamekwisha kulipiwa ada, majina yao yapo kwenye daftari za vyuo, mbele yake imeandikwa "anaendelea" kwa mwaka wa nne, wa tano.

Pangekuwepo fungu dogo, la serikali, la vyuo au la wafanyabiashara wetu wenyewe, linalofunguka siku pendekezo la utafiti linapopitishwa, likatolewa kwa awamu mbili na la pili lisitoke mpaka data ionekane, nadhani daftari hizo zingebadilika ndani ya misimu michache. Pangekuwepo pia mtu mmoja katika kila chuo ambaye kazi yake ni kalenda: huyu bado miaka miwili dirisha lake lifunge, huyu aandikiwe barua ya kujitolea kabla mkuu wa skuli hajahamishwa, huyu apelekwe kongamanoni mwaka huu na si mwakani.

Yule mama wa Kitumbatu amenipigia wiki iliyopita. Likizo ya skuli inakaribia na ameshauliza Mkokotoni siku za bamvua. Amebakiza wazee wanane, na mmoja wao, babu wa majina ya pepo, ambaye sauti yake haikurekodiwa, ameanza kuumwa. Alikuwa anauliza kama ninamjua mtu mwenye kinasa sauti cha kuazima.